Alhamisi ya tarehe 5 Aprili 2063: kwa nini siku hiyo na si nyingine

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tumeanza kuangalia Star Trek kwa kufuata miaka ya ndani ya hadithi, si miaka ambayo vipindi vilitoka, na sasa tumegombana. Yeye anashikilia kwamba binadamu walikutana na wageni wa sayari nyingine kwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 2063. Mimi nimeona kwa macho yangu Wavulkani, watu wa sayari nyingine, wakiishi Pennsylvania mwaka 1957, tena mmoja anafanya kazi mgodini na mwingine anahudumu baa! Nani yuko sahihi? Na kwa nini waandishi waling'ang'ania tarehe hiyo hasa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Tarehe ya kaka yako ni sahihi, na ulichokiona wewe ni kweli. Mnachobishania hasa ni kitu gani kinahesabiwa kuwa kukutana. Nitafika huko, ila kwanza tuipitie siku yenyewe, maana watu wengi wanaitaja bila kuangalia vizuri nini kilifanyika saa kwa saa.

Habari yake ilisimuliwa kwa ukamilifu katika filamu ya nane ya Star Trek, First Contact, iliyotoka Novemba 1996 chini ya uongozi wa Jonathan Frakes, ambaye humo humo anaigiza kama Riker, msaidizi wa nahodha. Vipindi vya televisheni vilivyofuata vikaichukua tarehe hiyo na kuijengea. Hadithi inaanzia mwaka 2373. Borg, wale viumbe nusu nyama nusu mashine wanaomeza jamii nzima nzima na kuzifanya viungo vyao, wanashindwa kuiteka Dunia kwa nguvu, basi chombo chao kimoja kinakimbilia nyuma katika wakati hadi tarehe 4 Aprili 2063. Enterprise, chombo cha anga cha Kapteni Picard, inakifuata mkiani. Dunia wanayoikuta iko hoi: yapata miaka kumi imepita tangu vita vya tatu vya dunia, watu milioni 600 wamekufa, miji mikubwa imeteketea, na serikali zilizosalia ni za kuhesabu. Nje ya mji wa Bozeman, jimbo la Montana nchini Marekani, kuna kambi ya vibanda, na ndani ya kambi hiyo mlevi mmoja anayeitwa Zefram Cochrane amechukua kombora la nyuklia la aina ya Titan akaligeuza kuwa chombo cha anga. Amekiita Phoenix.

(Shimo la kombora mnaloliona kwenye filamu si la kuchongwa na maseremala wa Hollywood peke yao. Sehemu ilipigwa picha katika jumba la makumbusho la Titan huko Arizona, kusini mwa Tucson. Marekani iliwahi kuwa na mashimo 54 ya Titan II yenye makombora yaliyokaa tayari kwa vita. Hilo ndilo lililohifadhiwa watu wakaangalie. Mimi naona hakuna mahali pangeifaa hadithi hii kuliko pale.)

Asubuhi ya tarehe 5 Cochrane anaruka, anafika mwendo wa wapu, yaani ule unaoushinda mwendo wa nuru, kwa dakika chache tu, kisha anageuza kurudi nyumbani. Usiku wake chombo cha Wavulkani kinatua pale kambini. Mlango unafunguka, mgeni anavua kofia ya joho lake, masikio yake yamechongoka, anainua kiganja na kutoa salamu ya kutakiana maisha marefu na fanaka. Cochrane anajaribu kuigiza ile ishara ya vidole, inamshinda, anaishia kumpa mkono kama Mmarekani yeyote.

Sasa nikuombe uangalie jambo ambalo watazamaji wengi wanalipita. Kuruka kwa Phoenix peke yake hakuifanyi siku hiyo kuwa ile siku. Cochrane angeweza kuruka tarehe 3, au 9, au mwezi uliofuata, na bado angekuwa binadamu wa kwanza kuushinda mwendo wa nuru. Kilichoibana tarehe ni Wavulkani. Wao walikuwa katika safari yao ya upimaji, wanapita tu kwenye mfumo wetu wa jua, wala hawakuwa na nia ya kusimama Duniani, kwa sababu kwa vipimo vyao binadamu tulikuwa bado hatujafikia daraja la kutembelewa. Fikiria mtu aliyesimama gizani kando ya barabara kuu usiku: basi la mikoani litampita kwa kasi bila dereva hata kujua kuwa yupo, isipokuwa amulike tochi wakati ule ule taa za basi zinakaribia. Mtetemo ambao injini ya Cochrane iliuacha angani ndio ulikuwa tochi. Angemulika siku moja baadaye, basi lingekuwa limekwisha kupita.

Kwa hiyo tarehe 5 Aprili 2063 ni njia panda ya safari mbili ambazo hazikupangwa pamoja, na ndiyo maana Borg hawakuhitaji kuiangamiza Dunia. Walihitaji kuchelewesha jambo kwa siku moja. Walifika tarehe 4 na kuishambulia kambi, wakaharibu chombo na kuua watu, na laiti wafanyakazi wa Enterprise wasingelitengeneza lile kombora usiku kucha, Wavulkani wangeendelea na shughuli zao. Bila wao hakuna muungano wa sayari, na bila muungano hakuna wa kuwazuia Borg karne tatu baadaye. Mimi nasema huu ndio werevu mkubwa zaidi wa kivita ambao Borg wamewahi kuonyeshwa kuwa nao. Inashangaza kwamba waandishi waliwapa mara moja tu.

Hapo ndipo ugomvi wenu unapopatia jibu. Wavulkani wa Pennsylvania uliowaona wamo katika episodi ya mwaka 2002 ya mfululizo wa Enterprise, ambapo T'Pol, Mvulkani wa chomboni, anawasimulia Kapteni Archer na mwenzake Trip, mezani wakati wa chakula cha jioni, kisa cha mhenga wake wa kike aliyeangukia kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe mwaka 1957. Na kama hicho kinakusumbua, subiri mfike kwenye mfululizo wa Deep Space Nine: kuna episodi ya mwaka 1995 ambapo Waferengi watatu, wageni wa sayari nyingine, wanajikuta Roswell, New Mexico, mwezi Julai 1947, wamekamatwa na jeshi. Kwa hesabu ya nani alikanyaga Dunia kwanza, kaka yako ameshindwa mara mbili.

Lakini wale wa 1957 walificha masikio yao chini ya kofia. Hakuna mwanakijiji aliyejua anaishi na nani. Na wale wa 1947 walifichwa na serikali. Kinachoadhimishwa tarehe 5 Aprili ni kukutana kwa wazi, pande zote mbili zikijua zinakutana na nani, na kwa ridhaa. Mgeni alibisha hodi, akakaribishwa. Kwa maana hiyo kaka yako anabaki na tarehe yake. Ukitaka kumkera, mwambie Wavulkani wenyewe ndio walioiweka sheria ya nini kihesabiwe, na kwamba kwa muda mrefu walikuwa na faida ya kutotaja ya 1957.

Sharti hili la kungoja watu wagundue wapu ndipo watembelewe linaonekana sehemu nyingi, na ningekushauri uangalie mbili ukiwa na siku ya Bozeman kichwani. Ya kwanza ni episodi ya mfululizo wa The Next Generation ya mwaka 1991, iliyotoka miaka mitano kabla ya filamu na yenye jina lile lile. Humo upande umegeuzwa: Picard ndiye mgeni, na sayari ya Malcor ndiyo inakaribia kuruka kwa wapu. Kiongozi wao, baada ya kuwaona wageni na kuona jinsi watu wake walivyoingiwa na hofu, anaomba kwa adabu kwamba warudi walikotoka na mradi wenyewe ucheleweshwe. Hodi ilibishwa, mwenye nyumba akasema bado. Ya pili ni ile ya kufungua mfululizo wa Strange New Worlds, mwaka 2022. Vyombo vinanasa dalili ya wapu kwenye sayari ya Kiley, wageni wanatumwa, kumbe waliyoyatengeneza kule si injini ya chombo bali bomu. Walijifunza kwa kuangalia kwa mbali vita vya anga vya watu wengine. Ukiiweka hiyo kando ya Phoenix unaona bahati ya Montana ilivyokuwa nyembamba: Cochrane naye alikuwa amekalia kombora la nyuklia, katika dunia iliyotoka vitani. Tofauti ni kwamba yeye alitoa bomu akaweka kiti.

Tena Cochrane hakuwa mtakatifu. Anakiri alijenga chombo ili apate fedha, akastarehe kisiwani na wanawake. Geordi La Forge, mhandisi wa Enterprise, anapomweleza kwamba amesoma shule ya sekondari yenye jina lake, na kwamba pale pale watasimamisha sanamu yake ya marumaru ya mita kama 20 akiwa ameinua mkono kuelekea mbinguni, mzee anatimua mbio msituni. Riker analazimika kumpiga risasi ya kumzimisha ndipo arudishwe kutimiza historia.

Na huyo Geordi, kwa taarifa yako, kumbukumbu zake za utumishi zinaonyesha amezaliwa Mogadishu, Somalia, mwaka 2335. Ndani ya Phoenix kulikuwa na viti vitatu: Cochrane katikati, Riker upande mmoja, Geordi upande wa pili. Basi safari ya kwanza ya wapu ya binadamu ilikuwa na mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye usukani wa kusaidia, na sijawahi kuona mtu akilitaja hilo.

Je, kwa nini waandishi waliichagua tarehe yenyewe? Usitafute fumbo. Ronald D. Moore, mmoja wa waandishi wawili wa filamu hiyo, alichukua siku ya kuzaliwa ya mwanawe wa kwanza. Mwenzake, Brannon Braga, ni mzaliwa wa Bozeman, na ndio maana wageni wa sayari nyingine wakashukia kijijini Montana badala ya Washington au San Francisco. Braga alikuwa na mazoea hayo. Mwaka 1992 aliandika episodi yenye chombo cha anga kinachoitwa Bozeman. Siku na mahali, basi, ni zawadi za nyumbani za waandishi.

Mwaka una hadithi nyingine. Star Trek ya kwanza kabisa, iliyoanza kurushwa Septemba 1966, ilikwepa miaka kwa makusudi. Walitumia tarehe ya nyota, tarakimu zisizoshikika, ili mtu asiweze kuwabana. Cochrane mwenyewe alionekana mara ya kwanza Novemba 1967, akiigizwa na Glenn Corbett, kijana mtanashati, na ilielezwa tu kwamba alitoweka miaka 150 nyuma akiwa na umri wa miaka 87. Hakuna tarehe. The Next Generation ndiyo iliyotaja mwaka waziwazi, pale mwishoni mwa msimu wake wa kwanza mwaka 1988 Data, roboti wa chomboni, anaposema kwamba mwaka huo ni 2364. Hapo mashabiki wakapata kamba ya kupimia kurudi nyuma. Kitabu rasmi cha mfuatano wa matukio kilichotoka 1993 kilikadiria ugunduzi wa wapu kuwa 2061. Filamu ikaja ikasema 2063, na kitabu kikafuata. Kwa hesabu ya 1967 Cochrane anapaswa kuwa na miaka kama 33 siku ya kuruka. James Cromwell, aliyemwigiza kwenye filamu, alikuwa ameshapita 50. Mashabiki husema vita na mnururisho vilimzeesha. Mimi nasema Cromwell aliigiza vizuri sana, yaishe.

Tangu 1996 tarehe hiyo haijasogezwa hata siku moja, na hilo ni jambo la ajabu katika ulimwengu ambao kila tarehe nyingine inasukumwa. Vita vya kina Khan, vya watu waliotengenezwa kwa vinasaba, viliwekwa miaka ya 1990. Miaka ya 1990 ikaja ikapita tukiwa tunasikiliza kaseti, basi mwaka 2023 Strange New Worlds ikamtumia mhusika msafiri wa wakati kueleza kwamba matukio yale yamechelewa kwa sababu ya watu kuivuruga historia. Machafuko ya San Francisco ambayo Deep Space Nine iliyaweka mwanzoni mwa Septemba 2024 nayo tumeshayapita kwenye kalenda zetu. Hata idadi ya wafu wa vita vya tatu haitulii: filamu inasema milioni 600, Kapteni Pike wa Strange New Worlds mwaka 2022 anasema asilimia 30 ya watu wote. Kila kitu kinayumba, 5 Aprili 2063 imesimama pale pale. Sababu ni ileile niliyokueleza: kila kitu kinachofuata, hadi kuundwa kwa muungano mwaka 2161, kinapimwa kutoka hapo, na siku yenyewe imefungwa na ratiba ya mgeni aliyekuwa njiani. Ukiisogeza, inabidi umsogeze na Mvulkani.

Msije mkadhani pia kwamba Dunia ilipona usiku ule. Q, kiumbe mwenye uwezo wa ajabu, kwenye episodi ya kwanza kabisa ya The Next Generation mwaka 1987, anamshtaki Picard ndani ya mahakama ya vitisho ya mwaka 2079, majaji na walinzi waliojaa dawa za kulevya. Huo ni mwaka wa 16 baada ya salamu ya Bozeman! Waliojaribu kuisafisha tofauti hii wamejitesa bure, kwa sababu Troi, mshauri wa Enterprise, ndani ya filamu anamwambia Cochrane kwamba umaskini, maradhi na vita vitakwisha ndani ya miaka 50. Hamsini. Kuna nafasi tele ya mahakama chafu humo katikati. Na Wavulkani hawakuwa wajomba wapole: mnapofika 2151, mwanzo wa Enterprise, mtamkuta Archer ana kinyongo nao kwa kumchelewesha baba yake, aliyekufa kabla injini yake haijaruka. Miaka karibu 90 ya kuambiwa "bado hamjawa tayari" si mchezo.

Mtakutana pia na episodi ya 2003 ambapo mabaki ya Borg yanafukuliwa kwenye barafu ya ncha ya kaskazini. Msiiruke. Hao ni wale wale walioangushwa 2063, na ujumbe wanaoutuma angani kabla ya kuangamizwa unahitaji miaka 200 na zaidi kufika kwao. Pigeni hesabu wenyewe utafika lini na utasababisha nini. Na ile ya Aprili 2005, inayoanza kwa picha zilezile za Bozeman usiku, kisha Cochrane badala ya kutoa mkono anachomoa bunduki, iangalieni mkiwa pamoja. Inafaa kuona uso wa kaka yako.

Ukiuliza watu wa huko mbele waliikumbukaje siku hiyo, tazama mfululizo wa Voyager, episodi ya Mei 2001 inayofanyika kwenye maadhimisho ya 315. Neelix, ambaye si binadamu wala Mvulkani, ndiye aliyeandaa sherehe: sanduku la muziki kama la Cochrane, na pierogi za jibini, chakula alichokipenda mlevi wetu. Tuvok, Mvulkani wa chomboni, anaombwa aseme maneno ya kwanza ambayo Mvulkani alimwambia binadamu, na anayasema kwa uvivu wa mtu aliyechoka kuombwa kila mwaka. Kufikia enzi ya Lower Decks, mfululizo wa vibonzo, katika episodi ya mwaka 2022, Bozeman imegeuka kuwa bustani ya burudani ambamo watalii wanapandishwa Phoenix ya kuiga, na Cromwell amerudi kutoa sauti ya Cochrane wa mwanga, yaani taswira tu ya kompyuta. Kambi ya njaa imekuwa mahali pa kununua vikombe vyenye picha. Nililipenda hilo kuliko sanamu ya marumaru.

Hapa kwetu sasa. Mashabiki huadhimisha kila tarehe 5 Aprili, na wenye hakimiliki wenyewe wamewahi kuitumia, kama mwaka 2021 walipofanya hafla ya mtandaoni. Ila kumbuka Wavulkani walitua usiku wa Montana, na mwezi Aprili Montana iko nyuma yetu kwa saa tisa. Saa mbili usiku Bozeman ni saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam, Nairobi na Mogadishu, na siku imeshageuka. Kuruka kwa Phoenix kunabaki Alhamisi jioni ya tarehe 5 kwetu, lakini mkono wa kwanza, kwa saa za Afrika Mashariki, ulipeanwa Ijumaa tarehe 6. Mpelekee kaka yako hiyo.